Namba ya toleo iseme umri wa bidhaa

Mnunuzi wa mchele haondoki sokoni bila kuuliza kama ni wa msimu huu au wa ghalani. Mnunuzi wa maziwa ya kopo hugeuza kopo na kusoma tarehe iliyopigwa chini. Akinunua dawa, husoma mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kwisha. Lakini mtu huyo huyo akiingia katika duka la kompyuta na kutoa fedha nyingi kuliko za gunia, kopo na dawa kwa pamoja, hupewa jina tu. Huambiwa hii ni Windows fulani, akaridhika, akabeba mzigo wake.

Matukio mawili ya mwaka 2025 yameonyesha ubaya wa mazoea hayo. Tarehe 15 Septemba kampuni ya Apple ilitoa mfumo endeshi mpya wa kompyuta zake na kuuita macOS 26, wakati toleo lililotangulia lilikuwa macOS 15. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Oktoba, kampuni ya Microsoft ilisimamisha masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliokuwa sokoni tangu tarehe 29 Julai 2015. Kampuni ya kwanza ilibadili namba ili mteja ajue bidhaa ni ya mwaka gani. Ya pili ilifunga mlango wa bidhaa ambayo jina lake halikumwambia mteja lini mlango huo ungefungwa.

Maoni ya safu hii ni kwamba namba ya toleo si pambo. Ni sehemu ya tangazo la bei. Namba inayoficha umri wa bidhaa humnyima mlaji haki yake, na kampuni zinazouza mifumo endeshi zingepaswa kuandika mwaka katika jina na tarehe ya mwisho wa huduma juu ya kasha.

JINA LA NJE NA NAMBA YA NDANI

Wengi hawafahamu kwamba Windows ina hesabu mbili. Ipo ya nje, ambayo hupigwa chapa kwenye kasha na kutangazwa, na ipo ya ndani, ambayo husomwa na programu. Hesabu hizo mbili zimekuwa zikienda njia tofauti kwa miaka mingi.

Windows 3.1 ilitoka mwaka 1992. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa mfumo mwingine kabisa, Windows NT, uliotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Ulikuwa toleo la kwanza, lakini ulipewa namba 3.1 ili ulingane na ndugu yake aliyekwisha kuzoeleka madukani. Hivyo tangu siku ya kwanza namba ilitii soko kuliko hesabu.

Windows 95, iliyozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, kwa ndani ni 4.0. Windows 98 ni 4.10, wala si 5. Windows Me ya mwaka 2000 ni 4.90. Kwa upande wa maofisi, NT 4.0 ya mwaka 1996 ilifuatiwa na Windows 2000 ambayo ni 5.0, kisha Windows XP ya tarehe 25 Oktoba 2001 ambayo ni 5.1. Windows Vista iliyoingia madukani Januari 2007 ni 6.0. Hapo ndipo hesabu inapochekesha. Windows 7 ya mwaka 2009 si 7, ni 6.1. Windows 8 ni 6.2 na Windows 8.1 ni 6.3. Windows 10 iliruka ikawa 10.0, na Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, imebaki 10.0 vile vile. Inatambulika kwa namba ndefu ya utengenezaji inayoanzia 22000.

Sababu ya mvurugo huu si uzembe. Programu nyingi za zamani huuliza namba ya mfumo kabla ya kukubali kufanya kazi, na baadhi ziliandikwa na watu waliodhani namba haitabadilika. Ikiwa programu ya hesabu za duka imeandikwa ikatae kila kitu kisichoanza na 6, basi mfumo ukijiita 7 programu hiyo inagoma, na mwenye duka atalaumu mfumo mpya badala ya programu mbovu. Microsoft ililijua hilo. Ndiyo maana Windows 95 ilizijibu programu za kizazi cha nyuma kwamba yenyewe ni 3.95, na Windows 7 ikabaki 6.1. Apple nayo ilifanya vivyo hivyo. Mwaka 2020 macOS 11 ilipotoka, ilizijibu programu za zamani kwamba ni 10.16.

Yapo pia masimulizi ya kwa nini hapakuwa na Windows 9. Mwezi Septemba 2014 Microsoft ilitangaza kwamba baada ya 8 itafuata 10. Ikasemwa kwamba programu kadhaa za zamani zilitafuta maneno "Windows 9" ili kuzitambua 95 na 98, na kwamba Windows 9 ya kweli ingedhaniwa kuwa kikongwe. Hayo ni maneno ya sokoni, na safu hii inayataja hivyo hivyo. Hata hivyo yanaonyesha jambo la kweli: kampuni ikishachezea namba, mzigo wake hubebwa hadi kizazi cha wajukuu.

Kwa mafundi, hesabu ya ndani ina maana na iachwe. Lawama yetu iko kwenye jina la nje, kwa kuwa hilo ndilo linalomfanya mteja atoe fedha.

MWAKA KWENYE JINA ULIJARIBIWA

Ni haki kusema kwamba Microsoft ndiyo iliyowazoesha watu jina lenye mwaka. Windows 95 ilieleweka na kila mtu. Mwaka 1999 mtu aliyeonyeshwa kompyuta ya Windows 95 alijua bila kufundishwa kwamba bidhaa ina miaka minne, na alishusha bei hapo hapo. Jina lilifanya kazi ya tarehe chini ya kopo.

Muuzaji alipata taabu kwa sababu hiyo hiyo. Windows 98 ilitoka Juni 1998, kwa hiyo mwaka 1996, 1997 na nusu ya 1998 madukani palikuwa na bidhaa mpya yenye jina la mwaka uliopita. Ni sawa na mfanyabiashara mwenye shehena ya kalenda mwezi Machi. Karatasi ni safi, picha ni nzuri, lakini mteja anasoma mwaka na kuondoka.

Kisha ukaja mwaka 2000, na matumizi mabaya ya mwaka yakaonekana. Mwezi Februari ilitoka Windows 2000. Mteja wa nyumbani mwenye Windows 98 angeweza kudhani ndiyo inayofuata, maana baada ya 98 huja 2000. Haikuwa hivyo. Windows 2000 ilitoka katika ukoo wa NT na ilikusudiwa maofisi. Mrithi halisi wa 98 alitoka Septemba mwaka huo huo akiitwa Windows Me, jina linalohusu milenia. Bidhaa mbili, mwaka mmoja, majina mawili yenye maana moja, na koo mbili tofauti ndani yake. Aliyenunua kwa kufuata jina alinunua kwa kubahatisha.

Microsoft ilijibu kwa kuuondoa mwaka badala ya kuunyosha. Zikaja XP na Vista, maneno matamu yasiyosema lolote. Faida kwa muuzaji ilikuwa kubwa. Miaka ya 2008 hadi 2010 kompyuta ndogo za mkononi za bei nafuu ziliuzwa zikiwa na Windows XP, na mnunuzi hakuwa na namna ya kujua kutokana na jina kwamba anachukua mfumo wa mwaka 2001. XP ilikoma kupewa masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Aliyenunua mashine mpya mwaka 2010 kwa kutazama jina alinunua takriban miaka minne ya huduma akidhani amenunua muongo.

NAMBA YA MASHINDANO

Baada ya Vista zikarudi namba: 7, 8, 10 na 11. Namba za namna hii hupanda, lakini hazisemi zimepanda kutoka wapi. Kati ya 7 na 8 ni miaka mitatu. Kati ya 10 na 11 ni sita. Kati ya 8 na 10 hakuna 9. Mizani yenye mawe ya uzito usiolingana haiwezi kupima chochote.

Namba za kupanda zina ugonjwa mwingine, nao ni kushindana na jirani. Mwaka 1999 watengenezaji wa Slackware, mfumo wa ukoo wa Linux, waliruka kutoka 4.0 hadi 7.0. Kilichowasukuma ni wateja waliouliza kwa nini Slackware iko 4 wakati wenzake wako 6. Bidhaa haikuwa nyuma, ila namba ilionekana hivyo, ikapandishwa. Muuzaji wa vitenge anayepandisha bei kwa kuwa jirani kapandisha anajulikana sokoni. Hapa aliyepandisha alipandisha namba.

Apple ilikaa upande wa pili wa ugonjwa huo. Mac OS X ilitoka tarehe 24 Machi 2001 ikiwa 10.0, na kwa takriban miaka 20 ikabaki ndani ya 10, kutoka 10.0 hadi 10.15 ya mwaka 2019. Katika muda huo jina lenyewe lilibadilishwa kutoka Mac OS X kuwa OS X, kisha mwaka 2016 likawa macOS. Matoleo yalitambuliwa kwa majina ya wanyama wa jamii ya paka, halafu kwa majina ya mahali katika jimbo la California. Majina hayo yanapendeza, lakini hakuna mteja awezaye kusema kwa jina tu ni lipi lililotangulia kati ya Sierra na Mojave.

Mwaka 2020 ikaja 11, na kila mwaka moja zaidi hadi 15. Wakati huo simu za kampuni hiyo zilikuwa na toleo 18, saa zake 11, na miwani yake 2. Vifaa vilivyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja vilikuwa na namba nne tofauti. Mwaka 2025 zote zikafanywa 26. Namba 16 hadi 25 kwa kompyuta hazikuwahi kuwapo na hazitakuwapo.

Baadhi ya watu waliliita hilo mchezo wa matangazo. Hatukatai kwamba matangazo yamo. Toleo lilitoka mwaka 2025 likaitwa 26, kama wafanyavyo watengeneza magari wanaouza gari la mwakani kabla mwaka haujaingia, ili bidhaa ionekane mbichi kwa muda mrefu zaidi. Lakini mteja amefaidika. Mwaka 2030 mtu akiuziwa kompyuta yenye macOS 26 atajua kwa kutoa tu kwamba mfumo huo una miaka minne au zaidi. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

WALIOFANYA VIZURI ZAIDI

Wapo waliotangulia. Ubuntu, mfumo wa ukoo wa Linux wenye jina lililotoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika na ambalo msomaji wa Kiswahili analisikia ndani ya neno utu, ulianza na toleo 4.10. Maana yake ni mwaka 2004, mwezi wa kumi. Kila toleo tangu hapo hubeba mwaka na mwezi wake. Mwaka 2006 toleo lililopangwa kuwa 6.04 lilichelewa kwa miezi miwili. Namba haikuachwa idanganye. Likatoka likiwa 6.06.

Matoleo ya Ubuntu ya huduma ndefu hupewa masahihisho ya kawaida kwa miaka mitano. Kwa hiyo anayepewa 24.04 anajua kwamba mfumo ulitoka Aprili 2024 na huduma hiyo inafika 2029. Mwanzo umeandikwa kwenye jina, mwisho unapatikana kwa kujumlisha. Wafanyabiashara wanaopanga matumizi ya fedha za ofisi kwa miaka mitano hawahitaji zaidi ya hapo.

Microsoft nayo imejaribu kwa ndani. Windows 10 ilikuwa na matoleo madogo yaliyopewa namba za mwaka na mwezi, kama 1909 kwa Septemba 2019. Ilipofika Aprili 2020 namba ikawa 2004, ikafanana na mwaka 2004. Baadaye ikaanzishwa 20H2, yaani nusu ya pili ya mwaka 2020. Utaratibu huo ni mzuri, ila umefichwa ndani ya mashine mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Na hapo ndipo hasara ilipo. Windows 11 ya toleo 21H2 kwa watumiaji wa nyumbani ilikoma kupewa masahihisho tarehe 10 Oktoba 2023. Toleo 22H2 likakoma tarehe 8 Oktoba 2024. Kwa hiyo kompyuta inaweza kuwa na karatasi inayosema Windows 11, jina la sasa kabisa, huku toleo lililomo likiwa limekwisha huduma. Jina ni jipya, bidhaa imeoza. Katika soko la vyakula jambo hilo lingeitwa kwa jina lake.

HESABU YA FEDHA

Kwa nini mfanyabiashara mdogo ajali? Kwa sababu kila jina lisiloeleweka lina gharama, na gharama humwangukia wa mwisho katika mnyororo.

Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema katika mkutano huko Chicago kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Ilieleweka kwamba haitakuwapo 11, ila 10 itakayoboreshwa siku zote. Waliosikia hivyo wakaona hapana haja ya kutenga fedha za kubadili. Miaka sita baadaye 11 ikatoka, na ikaja na masharti. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inataka, isipokuwa chache, kichakato cha kizazi cha nane au zaidi, yaani cha mwaka 2017 kuja juu. Mashine nyingi zilizokuwa zinafanya kazi vizuri zikawa nje ya mlango.

Aliyebaki na Windows 10 anaweza kununua masahihisho ya ziada. Kwa makampuni bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na hupanda maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Ofisi yenye kompyuta 10 italipa dola 610 mwaka wa kwanza, dola 1,220 wa pili, na dola 2,440 wa tatu. Jumla ni dola 4,270 kwa mashine ambazo hazikuongezeka kasi wala ukubwa. Ni gharama ya kuchelewa kujua tarehe.

Kompyuta zilizotumika zinazotoka Ulaya na Marekani na kuuzwa katika miji ya Afrika Mashariki ndizo zilizo katika hatari zaidi. Ofisi kubwa ng'ambo ikiona mashine zake haziwezi kupokea Windows 11, huziuza. Mwenye duka la kupiga chapa, shule binafsi au zahanati huku kwetu huziona bei rahisi na kuzichukua. Bei ni rahisi kwa sababu umri wa huduma umekwisha, lakini karatasi iliyobandikwa haisemi hivyo. Anayenunua shehena ya namna hiyo akijua anafanya biashara. Anayeinunua bila kujua amehamishiwa hasara ya mwingine.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Kampuni zina hoja, na inafaa zisikilizwe. Wanasema kwanza kwamba jina lenye mwaka huifanya bidhaa nzima ionekane mbovu. Mfumo wa mwaka jana wenye masahihisho yote ni salama, lakini mteja ataukataa kwa sababu ya namba. Hoja hii ina uzito. Dawa yake ni kuandika tarehe ya pili, ya mwisho wa huduma. Kopo la maziwa lililotengenezwa mwaka jana halikataliwi ikiwa mwisho wake ni mwakani.

Wanasema pili kwamba mwaka kwenye jina utawasukuma watu kununua upya kila mwaka bila haja. Hilo linawezekana kwa simu, ambazo hununuliwa kwa fahari. Kwa kompyuta ya kazi, mwenye hesabu hununua inapomlazimu. Isitoshe masahihisho ya macOS hutolewa bure, na wenye Windows 10 yenye leseni kwenye mashine inayofaa waliruhusiwa kuhamia 11 bila malipo. Kinachogharimu ni mashine, na umri wa mashine ndio tunaotaka uonekane.

Wanasema tatu kwamba tarehe ya mwisho tayari imechapishwa kwenye kurasa za kampuni. Kwa Microsoft ni kweli, na inastahili sifa kwa hilo. Apple haitangazi tarehe hiyo mapema, na hapo mwaka wake mpya kwenye jina umefanya nusu ya kazi tu. Lakini hata kwa Microsoft, tarehe iliyo mbali na kasha si tangazo kwa mnunuzi aliyesimama dukani.

USHAURI

Kwa kampuni, ombi letu ni dogo. Weka mwaka kwenye jina, uandike mwisho wa huduma kwenye kasha, usibadili jina bila kubadili bidhaa. Idara za serikali na mashirika yanayonunua kompyuta kwa mamia yana nguvu ya kuliweka hilo katika masharti ya zabuni, na wauzaji watafuata.

Kwa msomaji anayekwenda dukani wiki hii, asisubiri kampuni. Mwambie muuzaji awashe mashine, aandike neno winver kwenye sehemu ya kutafutia na kubonyeza ingiza. Kitafunguka kidirisha kinachoonyesha toleo halisi, kwa mfano 22H2. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Uliza kichakato ni cha kizazi gani, na kama TPM 2.0 imo. Kama ni kompyuta ya Apple yenye kichakato cha Intel, fahamu kwamba kampuni imekwisha kutangaza kuwa macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa mashine hizo. Baada ya hapo ndipo mzungumze bei.

Muuzaji mwaminifu hatachukia maswali hayo. Anayechukia, mwachie mzigo wake, kama unavyomwachia anayekataa usifungue gunia.